Shwari, Marekani na Forodha: Kuisoma Picha ya Bandari ya Salem kutoka Tunduma

Uhakiki wa Kiswahili umejishughulisha zaidi na ushairi, riwaya na tamthiliya kuliko picha za kuchorwa. Makala hii inaichambua picha moja: Salem Harbor, iliyochorwa kwa rangi za mafuta mwaka 1853 na Mmarekani Fitz Henry Lane (1804–1865), na ambayo sasa imo katika Makumbusho ya Sanaa ya Boston. Hoja inayotetewa ni kwamba utulivu wa picha hiyo ni utulivu wa kusubiri, na kwamba maneno matatu ya Kiswahili, yaani shwari, marekani na forodha, yanaufafanua vizuri kuliko sifa za jumla kama "nzuri" au "tulivu". Mtazamaji anayelengwa ni wa Tunduma, mji wa mpakani mkoani Songwe, usio na bahari lakini unaoishi kwa shehena za bandarini.

Lane alijifunza kazi katika karakana ya uchapaji wa picha kwa mawe mjini Boston, na nidhamu ya fani hiyo inaonekana katika uchoraji wake: milingoti na kamba zimechorwa kwa uangalifu wa fundi wa vyombo, na alama za brashi hazionekani kwa urahisi. Anga limechukua sehemu kubwa ya picha. Maji yametanda kama kioo, merikebu zimesimama, matanga yamelegea. Binadamu wamepewa nafasi ndogo. Mwanga ndio mhusika mkuu; umeenea juu ya kila kitu bila kukipendelea chochote.

Katika matumizi ya leo, shwari ni neno la faraja: hali ikiwa shwari, hakuna la kuhofia. Kwa nahodha wa chombo cha matanga maana yake ina upande wa pili. Bahari isiyo na upepo haizamishi chombo, lakini pia haikipeleki popote. Mabaharia wa Uswahilini walipanga safari zao kwa kaskazi na kusi, na walijua gharama ya kungoja. Anayeitazama picha ya Lane akiwa na maana zote mbili huona kwamba matanga yale yaliyolegea yana jambo la kusema: uzuri wa jioni ya mchoraji ni ucheleweshaji wa mfanyabiashara. Tena, kufikia mwaka 1853 sehemu kubwa ya biashara ya Salem ilikuwa imekwishahamia Boston na New York. Ukimya wa bandari ile unaweza pia kusomwa kama ukimya wa mji unaopitwa na wakati.

Picha haisemi merikebu zake zimetoka wapi, wala kilichomo matumboni mwake. Historia ya bandari yenyewe inasema. Mwaka 1833 Sayyid Said na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, walifunga mkataba wa biashara. Konseli wa kwanza wa Marekani huko Unguja, Richard Waters, aliyeanza kazi mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Merikebu za mji huo zilileta vitambaa vya pamba na kurudi na pembe za ndovu na sandarusi. Kitambaa hicho Waswahili walikiita marekani, na misafara ilikitumia kama fedha hadi bara. Pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Katika Bonde la Rukwa, ambalo sehemu yake imo Songwe, wafumaji wa nguo za pamba walidhoofika kadiri nguo za kigeni zilivyozidi kuingia. Hivyo neno moja la kamusi limehifadhi kumbukumbu ambayo turubai haikuibeba.

Neno la tatu linamrudisha mtazamaji nyumbani. Forodha limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya bandari, na Forodhani ya Unguja bado ipo ufukweni. Leo neno hilo linatumika Tunduma, mamia ya kilomita kutoka baharini, pale malori ya Dar es Salaam yanapovuka kwenda Nakonde, Zambia. Maji yamebaki nyuma. Jina na kungoja vimesafiri. Dereva aliyelala chini ya lori lake akisubiri karatasi anaielewa shwari ya Lane pengine kuliko mtembeleaji wa makumbusho. Foleni iliyosimama, ikitazamwa kutoka mlimani jua likizama, nayo ina utulivu wake, na utulivu huo una anayeulipia.

Huenda ikadaiwa kwamba usomaji huu unaitwisha picha mzigo usio wake, kwa kuwa mchoraji wa mwanga hana deni la kuandika hesabu za ghala. Dai hilo lina uzito, na makala haimshtaki Lane. Lakini deni la mhakiki ni tofauti na la mchoraji. Mchoraji ana haki ya kunyamaza. Mhakiki hupaswa kuueleza ukimya huo umejengwaje. Katika Salem Harbor umejengwa kwa ustadi mkubwa, na anayejua kilichokuwa kikingojewa bandarini huuona ustadi huo kwa ukamilifu zaidi. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyeko Songwe hahitaji kuazima msamiati ili aifikie picha hii. Maneno anayo tayari, na mojawapo huliona kila siku kwenye kibao cha mpakani.