Kuzunguka Maji ya Nairobi

Kuna njia mbili za baiskeli ninazozijua vizuri. Moja ilichorwa na mainjinia, ikalipiwa, ikafunguliwa na rais. Nyingine hakuna aliyeichora kama njia ya baiskeli. Hiyo ya pili ndiyo bora, na inaniudhi.

Ya kwanza iko kando ya Thika Superhighway. Rais Kibaki aliifungua barabara hiyo mwaka 2012, kilomita 50 hivi kutoka Nairobi hadi Thika, na wanaotembea na wenye baiskeli wakatengewa sehemu yao. Toka Thika ukielekea Ruiru utaelewa. Unapiga pedali vizuri dakika chache, halafu steji. Mathree imepanda juu ya njia, nyuma yake boda wanangoja wateja, nyuma yao mama mboga na muuza mitumba. Siwalaumu hao wawili wa mwisho. Njia tupu mahali watu wanaposhukia gari ni soko tayari, na mtu yeyote wa Thika angemwambia mchoraji hivyo bure. Ni kama hadithi iliyoandikwa na mtu ambaye hajawahi kukutana na wahusika wake.

Ya pili inazunguka Bwawa la Ndakaini, huko Gatanga. Kutoka Landless ni kupanda tu, hadi mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Gia zangu ziligoma kabla ya mapaja. Watu wa mjini wamesikia habari za Ndakaini kwa sababu ya nusu marathoni iliyoanza 2004: kilomita 21, wakimbiaji, fulana, hotuba. Mimi nilienda siku isiyo na fulana. Kuhusu lami sitabishana, barabara za huko hubadilika kila kampeni.

Uzuri wake ni kwamba maji hayakai mbele yako kama picha ya kalenda. Unayaona, mlima unayaficha, unashuka kwenye mashamba ya chai ukiamini umepotea, halafu hao hapo tena, upande usioutarajia. Bwawa lina mikono, linaingia mabondeni, kwa hivyo njia inalazimika kupinda nalo. Na inakurudisha ulipoanzia. Hilo kwangu ndilo kubwa. Mtaani kwetu mtu akitembea bila kwenda mahali anaulizwa kama amefutwa kazi, au kama anatafuta nyumba ya kuvunja. Niliacha chuo, kwa hivyo hilo swali nalijua kwa kila sauti. Kule nilizunguka asubuhi nzima na hakuna aliyetaka kujua naelekea wapi.

Lakini tusidanganyane. Mto uliozibwa pale ni Thika, jina letu kabisa. Bwawa lilikamilika 1994, lina nafasi ya mita za ujazo milioni 70, na maji yake husafishwa Ng'ethu, kisha yanaenda kunywewa Nairobi. Ili lijengwe, familia zilihamishwa. Kwa hivyo mimi, mtu wa mtaa unaoitwa Landless, nilikuwa napiga picha maji yaliyofunika mashamba ya watu. Nilipiga nne. Moja niliiposti.

Dallas, Marekani, kuna White Rock Lake, bwawa lililojengwa karibu 1911 kwa ajili ya maji ya kunywa ya mji. Leo linazungukwa na njia ya lami ya kama kilomita 15, ya baiskeli na ya miguu. Watu wakituonyesha picha za vitu kama hivyo, hamu huja mara moja: tuletewe na sisi. Mimi pia naitaka, hasa Thika, karibu na nyumbani, mahali pa kufika bila kupanda mlima. Ila nikikumbuka superhighway, naogopa mchoraji. Ataona maji, ataona mteremko, hatamwona mama niliyempisha pale Ndakaini akiwa na kikapu cha majani ya chai mgongoni, akienda kituoni kupimiwa. Huyo ndiye mtumiaji mkuu wa ile njia, kila siku, mvua au jua.

Alinisalimia, akaangalia baiskeli, akauliza kama imeharibika. Nikasema hapana, napumzika tu.

"Sawa, kijana," akasema, "lakini pumzika ukando. Hapo umesimama katikati ya njia."