Sally Lockhart, mpelelezi wa leja

Onyo kabla ya yote: nitafichua siri za riwaya hii, ikiwemo ile kubwa ya mwisho. Siwezi kueleza kwa nini naipenda, wala kwa nini inanikera, bila kufanya hivyo.

Wengi wetu tunamjua Philip Pullman kwa Northern Lights ya mwaka 1995, ile ya Lyra na dubu waliovaa deraya. Miaka kumi kabla yake, 1985, alitoa The Ruby in the Smoke, riwaya ya upelelezi kwa vijana, na mhusika wake mkuu, Sally Lockhart, kwangu mimi anamzidi Lyra. Hana uchawi wowote, bali ana bastola, na ana akili ya hesabu.

Tuko London, Oktoba 1872. Sally ana miaka 16. Anaingia katika ofisi ya uwakala wa meli ambayo baba yake alikuwa mbia, wakati baba mwenyewe ameshakufa maji huko Bahari ya Kusini mwa China. Amepata barua ya ajabu, imeandikwa kwa tahajia mbovu kama ya mtoto, inamwonya juu ya kitu kinachoitwa "Baraka Saba". Anamuuliza ofisa mmoja pale, mzee Higgs, kama amewahi kuyasikia maneno hayo. Mzee anashikwa na hofu, moyo unasimama, anakufa kitini mbele yake. Hapo hatujamaliza hata sura ya kwanza. Pullman hana subira na utangulizi mrefu, na msomaji wa miaka 13 atamshukuru.

Baada ya hapo mambo yanakuja kwa kasi: mama Holland, kikongwe katili anayeendesha nyumba ya kupangisha kule Wapping kando ya mto Thames, baharia mlevi wa afyuni aliyefungiwa humo, Jim, tarishi wa ofisini anayemeza vile vijitabu vya hadithi za damu vya bei chee, na Frederick Garland, mpiga picha ambaye kipaji chake ni kikubwa kuliko akiba yake. Na kuna kito, yakuti kutoka India, kila mtu anaitafuta. Sitaichambua njama yote. Ina visa vya kukutana kwa bahati zaidi ya nilivyoweza kuvihesabu, na Pullman anafanya hivyo kwa makusudi, maana anaicheza ile mitindo ya vijitabu vya Jim.

Kinachonivuta mimi ni elimu ya Sally. Mwandishi anatuambia mapema kwamba baba yake alimfundisha mbinu za kivita, utunzaji wa vitabu vya hesabu, mambo ya soko la hisa, na Kihindustani. Fasihi, muziki na Kifaransa, yale ambayo binti wa tabaka lake alitakiwa kuyajua, sifuri. Mwandishi mwingine angelisema jambo hilo mara moja kama kichekesho kisha akalisahau. Pullman analifanyia kazi. Sally anapokimbilia nyumbani kwa akina Garland, hasubiri kuhifadhiwa. Anafungua madaftari yao, anagundua biashara inazama, anapanga madeni, kisha anawaonyesha namna ya kupata pesa kwa picha za maigizo, zile zinazopigwa mbilimbili na kutazamwa kwa kifaa ili zionekane zimetuna. Zile kurasa za mapato na matumizi zina raha yake, amini usiamini. Sikumbuki kitabu kingine cha vijana ambacho kimenifanya nitamani kujua kama duka litafunga mwezi na faida.

Na hapa ndipo upelelezi wake unapotofautiana na ule tuliouzoea. Sisi wasomaji wa Kiswahili tumelelewa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960: mtu mzima, kiko mdomoni, Najum pembeni, anatazama watu na kuyapima maneno yao mpaka uongo unajitoa wenyewe. Kwa Sally swali la kwanza ni pesa imetoka wapi na imekwenda wapi. Nimefanya kazi ya habari miaka ya kutosha kujua kwamba hilo ndilo swali linalowatoa watu jasho.

Akifuata pesa, anafika kwenye kasumba. Natumia neno hili kwa makusudi. Siku hizi ukisema kasumba, watu wanaelewa mawazo ya kikoloni yaliyotuganda kichwani, lakini kasumba kwanza ni afyuni yenyewe. Na ukoloni wa Waingereza uliiuza kweli: mpopi ulilimwa India chini ya ukiritimba wa serikali yao, bidhaa ikapigwa mnada Calcutta, ikapelekwa China. China ilipokataa zikapiganwa vita mbili, 1839 hadi 1842, kisha 1856 hadi 1860, na uagizaji ukahalalishwa. Kwa hiyo mwaka 1872, wakati Sally anapekua makaratasi, ile biashara kubwa haikuwa kosa kisheria hata kidogo. Kosa lililomo kitabuni ni la mbia wa baba yake, Selby, kuingiza kampuni katika magendo. Baba aligundua, akafuatilia, akauawa.

Hebu fikiria ugumu wa mwandishi hapo. Riwaya ya upelelezi inahitaji mkosaji wa kushika. Utaikamataje biashara halali ya dola nzima? Pullman anaona tatizo, na hasira yake juu ya kasumba unaisikia kila mara hadithi inapogusa moshi ule. Lakini mwishowe anatupa mtu mmoja wa kumchukia, naye ni Ah Ling, mkuu wa genge la siri, nusu Mholanzi nusu Mchina. Ndiyo, ana jina la pili la Kizungu, na ndiyo, hata mfanyabiashara Selby anaonekana na uchafu wake. Bado picha inayobaki kichwani mwa kijana ni ile ile kuukuu: hatari imetoka Mashariki, imejificha ndani ya gari la farasi kwenye ukungu wa London. Waliouziwa sumu kwa mizinga wanageuka kuwa wenye sumu. Mtu atasema anaiga tu vijitabu vya zama zile. Sawa, lakini ameyageuza mengi ya vijitabu hivyo, hasa nafasi ya msichana. Na hili je, lilimshinda nini?

Ajabu ni kwamba jibu bora alikuwa nalo tayari, katika kitabu hiki hiki. Sally amekuwa akiteswa na jinamizi tangu utotoni: joto, giza, sauti za wanaume wakibishana. Harufu ya afyuni ndiyo inayoliamsha, kwa hiyo anaamua kuivuta kwa makusudi ili aone mpaka mwisho. Anachokiona ni kwamba Kapteni Lockhart hakuwa baba yake mzazi. Mzazi ni Meja Marchbanks, mwanajeshi mwenzake, mvutaji wa kasumba, aliyemtoa mtoto wake mchanga ili apewe ile yakuti, India mwaka 1857, wakati wa maasi dhidi ya Waingereza. Msichana aliyekulia kwenye leja anagundua kwamba yeye mwenyewe ni bei iliyolipwa. Alitolewa huku, kito kikaingia kule.

Nilifunga kitabu kidogo nikakaa. Hapo hakuna genge wala Mchina wa ukunguni. Kuna maofisa wawili wa Kiingereza, mmoja mwema na mmoja dhaifu, na biashara kati yao. Aliyemnunua ndiye aliyempenda na kumfundisha kila anachokijua, na Sally hana pa kuipeleka hasira yake. Ile yakuti anaitupa mtoni. Kama Pullman angeishia kwenye hesabu hii, bila ile risasi garini, tungekuwa na riwaya kamili.

Nadhani naye alihisi deni hilo, maana kitabu cha tatu cha mfululizo, The Tiger in the Well, ni kikali zaidi. Mwanamume ambaye Sally hajawahi kumwona anadai kuwa mume wake na kumtaka mtoto, na ushahidi upo, umeandikwa kwenye rejista ya ndoa. Daftari limeghushiwa, na sheria inaliamini daftari kuliko mwanamke. Safari hii adui ni sheria yenyewe, ingawa Ah Ling naye, kwa bahati mbaya, anarudi.

Kwa wazazi na walimu wanaoniuliza umri: kuanzia 13, kwa maoni yangu. Watu wanauawa, afyuni inavutwa, na mtoto Adelaide, kijakazi wa mama Holland, anatishwa na kuteswa kwa namna itakayomkaa msomaji mdogo usiku. Kiingereza chake si kigumu. Kuna filamu ya BBC ya 2006 pia, Billie Piper akiwa Sally, lakini zile kurasa za madaftari ni za kusoma.