Ndege Yuleyule

Dirishani pangu hapa Berea, Johannesburg, mnara wa Ponte wenye ghorofa 54 ukiwa nyuma yake, amesimama korongo wa mpingo. Nilimnunua miaka mingi iliyopita Changamwe, Mombasa, kwenye ushirika wa wachongaji wa Kikamba, kwa mzee aliyeniambia kwamba tangu ujana wake hajaacha kuchonga ndege. Chini ya kitako cha sanamu hakuna jina. Ipo namba tu.

Uhakiki wetu una hukumu iliyo tayari juu ya ndege huyu: ni bidhaa ya watalii, wala si sanaa, kwa kuwa wenzake wa umbo lilelile wamejaa rafu nzima. Hukumu hiyo ina wakili mkubwa. Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu aliyeshiriki kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alishikilia kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Zama zake zilihitaji kauli hiyo. Sisi tumeigeuza rungu la kuwapigia wasiostahili.

Kunakili si sawa na kurudia. Anayenakili hutazama kazi iliyokwisha. Anayerudia huukabili mti mpya, na kila gogo lina fundo lake na ufa wake. Mtazame korongo wangu. Shingo imepinda kidogo kushoto kwa sababu hapo palikuwa na fundo, na tezo imelizunguka badala ya kulikata. Bawa halikupakwa rangi: ni weupe wa tabaka la nje la mpingo, ulioachwa ukutane na weusi wa kiini. Maamuzi hayo hayafanywi na mkono uliochonga ndege kumi. Na nani amewahi kumlaumu malenga kwa kuwa mshororo wake wa leo una mizani 16 kama wa jana? Katika ushairi twajua kwamba umbo lililotulia ndilo linalotuwezesha kusikia kilichobadilika. Mbele ya mti tunasahau.

Kutoka Berea mtu huweza kushuka kwa miguu hadi Joubert Park, kwenye Jumba la Sanaa la Johannesburg, ambalo mkusanyiko wake una kazi za Jackson Hlungwani wa Mbhokota. Hlungwani (1923–2010) alichonga samaki kwa miaka mingi, samaki baada ya samaki. Tangu onyesho la Tributaries la mwaka 1985 lilipomtambulisha mjini, marudio yake yamesomwa kama imani na njozi, na ni haki yasomwe hivyo. Kwa nini basi samaki wa mhubiri awe ufunuo, na ndege wa Mkamba awe shehena ya duka? Tofauti haimo katika mti. Imo katika jina.

Sitaki kuupamba umaskini. Marudio mengine huzaliwa na njaa: dalali huagiza kwa dazeni, bei hushuka, mkono huharakisha. Misitu nayo imelipa. Mpingo na muhugu vimeadimika nchini Kenya, ndiyo maana mafundi wamehimizwa wahamie mwarobaini. Zipo kazi za kulipua, na mhakiki ana wajibu wa kulisema hilo. Lakini hawezi kulisema kwa haki asipomtazama ndege mmojammoja, na huko ndiko tusikofika.

Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji kwa Wazaramo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaupeleka ufundi huo kwao. Jina lake tunalo. Wengi waliomfuata, kwa takriban miaka mia moja, wamebaki namba. Nami simo nje ya lawama hii. Siku ile Changamwe sikumuuliza mzee yule jina lake, nilimuuliza bei.