Kamusi, Duara na Tabia za Watu

Ipo rai katika elimu ya nafsi, ambayo Francis Galton wa Uingereza aliigusa mwaka 1884, kwamba tofauti za tabia zenye uzito kwa watu hazikosi kupewa majina katika lugha yao. Basi mwenye kutaka kuzijua tabia na afungue kamusi. Gordon Allport na Henry Odbert wa Marekani waliishika rai hiyo kwa bidii kubwa. Mwaka 1936 walitoa maneno 17,953 ya hali za watu, yaliyochumwa katika kamusi ya Kiingereza ya Webster. Kati ya hayo 4,504 waliyahesabu kuwa majina ya tabia za kudumu. Raymond Cattell aliyapunguza sana, na mwaka 1961 Ernest Tupes na Raymond Christal walitangaza kuwa sifa zilizobaki huandamana katika mafungu matano. Mafungu ya namna hiyo ndiyo msingi wa vipimo vingi vya tabia hata leo.

Kazi hii haistahili dharau. Kamusi ni shahidi mwema, lakini kila shahidi husimulia aliyoyaona mahali aliposimama. Kipimo cha mafungu matano kilipotafsiriwa na kupelekwa kwa watu 632 wa kabila la Tsimane, wakulima na wawindaji wa Bolivia, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 hayakuonyesha mafungu yale matano. Yalielekea mawili: wema kwa wenzi na bidii ya kazi.

Msomaji wa Kiswahili hatastaajabu. Lugha yetu ina maneno machache ya sifa yaliyo ya asili. Tabia twaitaja kwa majina, kwa vitendo na kwa viungo vya mwili. Twasema fulani ana mkono wa birika, au ana roho nzuri. Litazame neno ndumakuwili. Nyoka adhaniwaye kuwa na vichwa viwili amempa jina mtu asemaye hili huku na lile kule. Hapana ndumakuwili aishiye peke yake. Yataka pande mbili, na yeye katikati. Ukiliandika katika orodha ya sifa za nafsi moja, umeshika ganda, kiini kimekuponyoka.

Kwa sababu hiyo kitabu cha Timothy Leary juu ya utambuzi wa tabia baina ya watu, kilichopigwa chapa mwaka 1957, chatuvutia zaidi. Leary alichora duara. Juu aliweka kutawala, chini kutii. Upande mmoja upendo, upande wa pili chuki. Na tabia zote akazipanga kuzunguka humo katika sehemu 16, ambazo aliziunganisha ziwe nane. Ubora wake ni kuuliza tendo la mtu lamwita mwenziwe ajibu nini. Atawalaye humvuta mwingine kutii, na upendo huita upendo. Hapa tabia imerudishwa mahali pake, kati ya mtu na mtu.

Hata hivyo duara nalo lina mpaka. Tuliweke wapi neno haya? Kwa macho ya duara, mwenye haya ni mnyenyekevu, na mahali pake ni chini, kwenye kutii. Lakini katika matumizi yetu haya hutakiwa kwa mkubwa kama inavyotakiwa kwa mdogo, na kumwita mtawala asiye na haya ni lawama kali. Haya humzuia mwenye nguvu asiitumie nguvu yake yote. Neno hili, basi, halikai juu wala chini: laikata njia ya kutawala na kutii yenyewe.

Hukumu yetu ni kwamba kipimo kilichotoka katika maneno ya lugha moja hakifai kutafsiriwa tu na kugawiwa wanafunzi wa lugha nyingine, kisha majibu yao yakahukumiwa kuwa upungufu wa nafsi zao. Atakayeichuma kamusi yetu kwa kazi hii asiishie kwenye neno. Achukue sentensi nzima, aandike nani alimwambia nani, na mbele ya nani.