Wazimba Hawakupewa Mdomo

Chipukizi wenzangu wakitaka kuandika vita vya kale hukimbilia mbali: Wamongolia, Baghdad 1258, halafu kipigo walichokipata kwa Wamamluki wa Misri pale Ain Jalut, 1260. Sawa, vinasisimua. Lakini Kilwa nayo ilivamiwa, mwaka 1587, na watu walioitwa Wazimba, na kisa kimo katika Ethiopia Oriental, kitabu cha padri Mreno João dos Santos kilichochapwa 1609.

Jamaa anajua kusimulia, tusimnyime haki yake. Kilwa ni kisiwa, Wazimba wamekwama bara. Mwenyeji mmoja anavuka usiku kuwaonyesha pa kupita maji yakipwa, sharti lake ndugu zake wasiguswe. Mji unaangamizwa. Kisha mkuu wa Wazimba anamtosa baharini yeye na ndugu zake hao hao, eti msaliti wa watu wake hafai kuishi. Hapo nilifunga kitabu kwanza!

Ila jiulize, nani alimhadithia? Padri hakuwepo Kilwa siku ile. Na kwake Wazimba ni meno tu, wala-watu. Hawana mama, hawana wimbo, hawana hata sababu ya kutoka Zambezi kote huko. Mwaka 1589 wanaingia kisiwa cha Mombasa kwa ruhusa ya Wareno, wanafika Malindi, wanapigwa na Wasegeju wakiwa na Wareno wachache, basi, wamefutika. Mhusika gani huyo? Tena Kilwa hiyo hiyo Wareno walikwisha kuipora 1505, na wao hakuna aliyewapachika jina la kutisha.

Mimi naandikia Qurus, na huku jambo hili tunalo mdomoni kila siku. Hapo juu, kwenye kreta ya Ngorongoro, karne ya 19 Wamasai waliwashinda Wadatoga wakawasukuma kusini, pande za Eyasi na Hanang. Makaburi ya wazee wa Kidatoga yamebaki mle kretani. Na sisi sokoni bado tunawaita Wamang'ati, neno la Kimasai, maana yake maadui. Yaani mtu kanyang'anywa malisho, halafu anaitwa kwa ulimi wa aliyemnyang'anya, na waandishi tunanakili tu kama karani wa mahakama.

Miswada ya vita ninayopewa na wenzangu niisome ina ugonjwa huo huo. Adui anatokea msituni, anapiga kelele, anakufa. Mwandishi hajamuuliza alikula nini asubuhi.

Katika riwaya ninayoiandika, vita vya kreta vinaanza na mama wa Kidatoga anayetafuta ndama aliyepotea. Neno Mang'ati limo mara moja tu, na anayelitamka ni Mmasai.