Soketi Iliyokufa: Tahakiki ya Lugha ya Maelezo ya Umeme wa Nyumbani

Miongoni mwa kazi zinazomfikia mfasiri siku hizi ni maelezo mafupi yanayofuatana na vyombo vya umeme, pamoja na miongozo ya kumsaidia mwenye nyumba kutambua hitilafu. Kazi hizi huonekana ndogo, na aghalabu hufanywa kwa haraka. Sisi twaona kuwa ni kazi nzito. Mfasiri wa riwaya akikosea, msomaji wake huchukizwa. Mfasiri wa maelezo ya umeme akikosea, msomaji wake huweza kupoteza maisha. Makala hii yakusudia kulichambua fungu moja tu la maneno, nalo ni lile litumikalo pale soketi ya ukutani inapoacha kufanya kazi.

Tuichukue nyumba ya mwananchi wa Ipelele, wilayani Makete, katika mkoa wa Njombe. Ni asubuhi ya mwezi wa Julai, baridi ni kali, na mama wa nyumba amechomeka birika la umeme. Birika halichemki. Atasema, "Soketi imekufa," au, "Hakuna umeme." Kwa mazungumzo ya nyumbani maneno hayo yatosha, wala hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni na mwandishi anayeyachukua maneno hayohayo na kuyatia katika maelezo ya kitaalamu, kana kwamba yametaja jambo moja. Hayakutaja jambo moja. Chanzo cha birika kutochemka kinaweza kuwa mbali nje ya kijiji, kwenye mita, kwenye ubao wa umeme, ndani ya soketi, ndani ya plagi, au ndani ya birika lenyewe.

Kiswahili hakina upungufu wa kuzitenga hali hizi. Tazama mzizi mmoja tu, kata. Tukisema umeme umekatika, twaeleza hali isiyotaja mtendaji: taa za majirani nazo zimezimika, na hitilafu iko kwenye njia ya umeme. Tukisema umeme umekatwa, yuko aliyeukata, pengine kwa ajili ya matengenezo. Tukisema breka imejikata, kifaa chenyewe kimetenga mkondo kwa sababu umezidi au kwa sababu ya shoti. Na tukisema waya umekatika, tumerudi kwenye kauli ya kwanza, lakini mtajwa amebadilika na tumeingia ndani ya nyumba. Viambishi vichache vya kitenzi vimefanya kazi ambayo mfasiri mzembe angeiandikia aya nzima. Hata hivyo maelezo mengi hutumia "umeme umekatika" kwa hali zote nne, na msomaji huachwa akimsubiri fundi wa shirika ilhali breka yake imeshuka hatua tatu kutoka alipoketi.

Kuhusu mita, hatuna budi kusifu. LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ni istilahi iliyoundwa kwa sentensi nzima ya Kiswahili, ikafupishwa, na leo imekuwa nomino ya kawaida. Mwananchi husema "luku imekwisha", na kila mtu huelewa kwamba uniti zilizolipiwa zimemalizika na kwamba zinahitajika tarakimu 20 nyingine za kuingiza kwenye mita.

Sasa turudi kwenye neno lenye hatari, kufa. Betri hufa, na gari hufa. Chombo kilichokufa hakidhuru mtu. Soketi "iliyokufa" haiko hivyo. Katika soketi ya kawaida nchini mwetu huingia nyaya tatu. Mmoja huleta umeme, wa pili huurudisha, na wa tatu ni wa usalama. Waya wa kuurudisha ukikatika au ukilegea, mzunguko haukamiliki na birika halichemki. Lakini waya ulioleta umeme ungali pale, na nguvu ya volti 230 ingali inasubiri kidole. Zaidi ya hayo, chombo kikiwa kimechomekwa na kuwashwa, hata upande wa kurudishia uliokatika huweza kumrusha anayeugusa. Anayeambiwa kwamba soketi imekufa huona hakuna la kuogopa, akachukua bisibisi na kuifungua. Soketi iliyokufa huweza kuua: hiyo si kejeli, ni matokeo ya istilahi mbovu.

Dawa tunayo tayari katika lugha. Vyombo vya habari vilipoeleza njia ya umeme itokayo Makambako, ambayo mwaka 2018 iliifikishia Songea umeme wa gridi ya taifa, vilisema ni njia ya msongo wa kilovolti 220. Msongo ni nguvu inayousukuma umeme. Mkondo ni umeme wenyewe unapopita. Watu wa Njombe wamelisikia neno msongo likitajwa kwa nguzo kubwa za barabarani, lakini waandishi wetu hawajaliingiza nyumbani. Liingizwe. Soketi ya birika letu yaweza kuwa na msongo bila kupitisha mkondo. Kwa lugha nyepesi zaidi, tutenge kauli mbili: soketi isiyotoa umeme, na soketi isiyo na umeme. Ya kwanza ni dalili aionayo mwenye nyumba. Ya pili ni hukumu itolewayo na fundi baada ya kupima, wala haifai kutolewa na mtu mwingine.

Nyaya zenyewe nazo zina matatizo ya majina. Kuuita mmoja "waya hai" ni kumfanya msomaji aamini kwamba mwenzake ni mfu, nasi tumekwisha kuonyesha hatari ya imani hiyo. Tukisema "waya wa ardhini", mkulima wa viazi ataudhania kuwa umefukiwa shambani. Mafundi husema laini, nyutro na ethi. Wako watakaonung'unika kwamba maneno haya ni ya kigeni. Ni kweli kwamba utaratibu wetu ni kutafuta kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu na nyingine za Kiafrika, kabla ya kukopa nje. Lakini neno lililokwisha kukaa kinywani mwa fundi lina haki ya mwenyeji, hasa pale mbadala wake unapopotosha. Rangi pia zitajwe zote mbili: katika nyumba za zamani nyekundu ni laini, nyeusi ni nyutro na kijani ni ethi, katika mpya ni kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano.

Kwa kuwa lawama bila mfano haisaidii, twapendekeza maelezo yaandikwe kwa utaratibu huu:

1. Tazama kama majirani wana umeme. Kama hawana, umeme umekatika.
2. Tazama mita. Kama uniti zimemalizika, luku imekwisha.
3. Tazama ubao wa umeme. Kama breka imejikata, chomoa vyombo vyote vya upande huo, kisha irudishe mara moja. Ikijikata tena, iache.
4. Hakikisha swichi ya soketi imewashwa.
5. Jaribu chombo kingine katika soketi hiyo, na chombo hicho katika soketi nyingine. Kama chombo ndicho kibovu, huenda fyuzi iliyo ndani ya plagi imeungua.
6. Kama soketi bado haitoi umeme, ihesabu kuwa ina msongo. Usiifungue. Zima swichi kuu iwapo pana harufu ya kuungua, joto au cheche, na umwite fundi mwenye leseni ya EWURA.

Msomaji ataona kwamba hatua ya sita haitumii neno "imekufa", wala haisemi "hakuna umeme". Ataona pia kwamba kila hatua ina kitenzi chake, nacho humwambia mwenye nyumba ni nani wa kumwendea: shirika, muuza luku, au fundi.

Hatudai kwamba fundi atapatikana upesi. Kwa mkazi wa Ipelele huenda fundi huyo akatoka Njombe mjini au Makambako, na safari ni ndefu. Ndiyo maana lugha ya maelezo ina uzito zaidi huko kuliko mjini. Kati ya kuzimika kwa birika na kufika kwa fundi, karatasi ile ndiyo mshauri pekee aliyemo nyumbani.

Twawaomba wafasiri, walimu wa ufundi na watumishi wa serikali wanaotayarisha matangazo wayapime mapendekezo haya kazini mwao na watuletee masahihisho. Kama mafundi wa mahali fulani wana neno bora kuliko nyutro, tutalipokea kwa furaha. Lakini neno "kufa" na tuwaachie wenye uhai. Soketi halikuwahi kuwa lake.