Mwongozaji Asiyebeba Mzigo: Uhakiki wa Safari Fupi ya Jebel Kujur

Safari fupi ya kuongozwa ni matini kama matini nyingine: ina msimulizi, ina hadhira, ina mpangilio, na ina mambo iliyoyaacha. Katika insha hii ninadai kwamba safari ya kupanda Jebel Kujur, mlima wa mawe ulio magharibi mwa Juba, ina kasoro ya kisimulizi inayogusa haki ya watu kutajwa mahali pao.

Tuanze na jina. Jebel ni mlima kwa Kiarabu. Kujur, katika Kiarabu cha Sudan, ni mambo ya uganga. Wabari, wenyeji wa eneo hili, huuita Körök. Katika safari niliyoshiriki, mwongozaji alilieleza jina la kwanza kwa utani wa wachawi. La pili hakulitaja. Mgeni hushuka akijua kwamba mlima una mizimu, asijue kwamba una wenyewe.

Pili ni wahusika. Chini ya mlima wapo wanawake wanaoponda mawe kwa nyundo na kuuza kokoto kwa wajenzi. Nyumba nyingi za Juba zimesimama juu ya jasho hilo. Katika simulizi ya mwongozaji wao ni mandhari tu.

Kiswahili kinatupa kipimo. Katika misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Ujiji, aliyetangulia mbele aliitwa kirangozi, na kwa kawaida alikuwa mmoja wa wapagazi. Aliijua njia kwa miguu yake. Katika Safari za Wasuaheli, kitabu cha Carl Velten kilichochapishwa mwaka 1901, Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara. Yeye ni mfanyabiashara, na jicho lake ni la biashara. Hata hivyo hawezi kuisimulia njia bila kutaja hongo. Hongo humkumbusha msomaji kwamba kila nchi inayopitwa ina mwenyewe.

Tatizo si la Juba peke yake. Huko Peru, Njia ya Inka iendayo Machu Picchu ina kikomo cha watu 500 kwa siku, na hesabu hiyo inajumuisha waongozaji na wapagazi. Sheria imewahesabu, picha za kileleni humwonyesha mgeni.

Wapo watakaosema kazi ya mwongozaji ni kuwapandisha watu na kuwarudisha salama, hasa kando ya mji ambao wakati wa vita ulizungukwa na mabomu ya ardhini. Nakubali, usalama kwanza. Lakini mwongozaji wetu hakunyamaza njiani. Aliyepata nafasi ya kutania wachawi alikuwa na nafasi ya kutamka Körök, na ya kusimama dakika mbili kuwasalimu wale wanawake kabla ya kuwapita.